Kuhuisha Leseni za Vinu vya Nyuklia: Muda Unapotelea Wapi

Leseni ya kuendesha kinu cha umeme wa nyuklia nchini Marekani hutolewa kwa muda usiozidi miaka 40. Ukomo huo uliwekwa na Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 1954, na haukutokana na hesabu za wahandisi kuhusu uhai wa chuma wala zege. Waliotunga sheria waliangalia muda ambao kampuni ya umeme ingehitaji kurudisha mtaji wake, na walihofia pia soko kuhodhiwa na kampuni chache. Wahandisi ndio waliokuja baadaye wakaigeuza tarehe ya kisheria kuwa kipimo cha kazi yao: baadhi ya sehemu za mitambo zilisanifiwa zihimili miaka 40 ya joto, shinikizo na mionzi, kwa kuwa ndivyo leseni ilivyosema. Ndiyo maana mwenye kinu anapoomba kuongezewa miaka 20, sheria haimzuii, lakini hutakiwa kuonyesha kwamba kilichopigiwa hesabu ya miaka 40 kitafika 60, na sasa 80.

Marekani ina vinu zaidi ya 90 vinavyofanya kazi, navyo hutoa karibu moja ya tano ya umeme wa nchi hiyo. Vingi vilianza kazi katika miaka ya 1970 na 1980, kwa hiyo leseni zake hufika ukingoni kwa makundi. Karibu vyote vimekwisha kuhuishiwa leseni mara ya kwanza, na wenye vinu wengi wameomba au wanajiandaa kuomba mara ya pili. Mapitio ya kila ombi hufanywa na Tume ya Udhibiti wa Nyuklia, ijulikanayo kwa kifupi kama NRC, na gharama hubebwa na mwombaji mwenyewe: tume hutoza kila saa ya mtaalamu wake, zaidi ya dola 300 kwa saa katika miaka ya karibuni. Ikijumlishwa na gharama ya kuandaa ombi lenyewe, bili hufikia makumi ya mamilioni ya dola. Swali la ufanisi linaanzia hapo. Saa hizo hutumikaje, na zipi zinaweza kuondolewa bila kuondoa kinachochunguzwa?

Jaribio la kwanza halikufika popote. Kinu cha Yankee Rowe huko Massachusetts, kilichoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kilikuwa mojawapo ya vinu viwili vilivyoteuliwa kuwa vya mfano. Katika maandalizi hayo yakaibuka maswali kuhusu tangi la chuma linalobeba kiini cha kinu. Kwa miaka 30 chuma hicho kilikuwa kikipigwa na nyutroni, na ushahidi uliokuwapo haukutosha kuonyesha kwamba hakijakakamaa kiasi cha kuweza kupasuka kikipozwa ghafla. Kinu kilizimwa Oktoba 1991 na hakikuwashwa tena. Mwaka huohuo tume ilitoa kanuni yake ya kwanza ya kuhuisha leseni. Wenye vinu waliisoma wakaona mzigo usiobebeka, kwani ilielekea kudai kila dalili ya uzee katika kila kifaa ichambuliwe na kutenganishwa na ile iliyokwisha kushughulikiwa katika uendeshaji wa kawaida. Hakuna aliyeleta ombi chini ya kanuni hiyo. Mwaka 1995 ikaandikwa upya.

Kanuni mpya ilisimama juu ya mambo mawili. La kwanza ni kwamba masharti ya usalama ambayo kinu tayari kinaendeshwa chini yake hayafunguliwi upya. Kama kuna kasoro katika masharti hayo, inarekebishwa leo, na haingojwi mpaka leseni ikaribie kwisha. La pili ni kwamba uchunguzi huelekezwa kwenye vitu visivyosogea na visivyobadilishwa mara kwa mara: mabomba, matangi, kuta za jengo linalofunika kinu, nyaya, vishikizo vya mitambo. Pampu, mota na vali zinazofunguka na kufunga huonyesha ubovu zenyewe zinapofanya kazi, na zilikuwa zimewekewa kanuni yake ya matengenezo. Ukuta haulalamiki. Unaweza kuoza ndani kwa miaka 15 ukiwa umepakwa rangi safi, na ni kwa vitu vya namna hiyo ndipo mdhibiti alipoamua kupeleka macho yake. Katika historia yote ya mapitio haya hakuna hatua iliyookoa saa nyingi kuliko hiyo, nayo ilichukuliwa kabla ombi lolote halijafika mezani. Ilipunguza kazi kwa kuamua swali ni lipi. Mtaalamu hakuambiwa aharakishe chochote.

Ombi lenyewe ni kitabu cha maelfu ya kurasa. Mwombaji hupanga kwanza mifumo yote ya kinu na kuonyesha ipi inaingia kwenye mapitio: ile inayolinda usalama moja kwa moja, ile ambayo ikiharibika inaweza kuiangusha ya kwanza, na ile inayotegemewa katika matukio maalumu kama moto au kukatika kwa umeme wote kituoni. Kisha hushuka hadi kwenye kipande kimojakimoja. Bomba la chuma cha kawaida lililofukiwa ardhini, kwa mfano, huandikwa limetengenezwa kwa chuma gani, limegusana na udongo wa aina gani kwa nje na maji gani kwa ndani, linaweza kuliwa na kutu ya namna gani, na ni mpango upi utakaoigundua kutu hiyo kabla bomba halijatoboka. Safu moja katika jedwali, na majedwali ya aina hiyo hujaza mamia ya kurasa. Baada ya hapo hufuata zile hesabu zilizofanywa mwanzoni kwa kukadiria miaka 40, kama idadi ya mara ambazo chuma kinaweza kupashwa joto na kupozwa kabla ya kuchoka. Kila hesabu hurudiwa kwa muda mpya, au mwombaji huonyesha kwamba athari yake itafuatiliwa kwa ukaguzi.

Wataalamu wa tume husoma, hufanya ukaguzi wa nyaraka na wa kituoni, na kila wanapokwama huandika barua ya kuomba maelezo zaidi. Barua hizo ndizo kipimo kizuri cha ubora wa ombi. Ombi lililoandikwa ovyo huzaa mamia ya maswali, na kila swali lina mzunguko wake: kuandikwa, kuhakikiwa na mwanasheria, kutumwa, kujibiwa baada ya wiki kadhaa, jibu kusomwa, na mara nyingi swali la pili kuulizwa juu ya jibu la kwanza. Kamati ya Ushauri ya Usalama wa Vinu, chombo cha wataalamu kilicho huru na watumishi wa tume, nayo huipitia ripoti ya mwisho. Sambamba na hayo huendeshwa tathmini ya athari kwa mazingira, na mlango wa pingamizi za wananchi na serikali za majimbo huwa wazi. Kwa ombi lisilopingwa, tume ilijipangia kwanza miezi 22, baadaye 18. Lililopingwa halina dhamana hiyo.

Kinu cha kwanza kuhuishiwa leseni ni Calvert Cliffs cha Maryland. Ombi lililetwa Aprili 1998, leseni ikatoka Machi 2000, na miezi miwili baadaye ikafuata ya Oconee huko South Carolina. Maombi hayo yalionyesha jambo ambalo watumishi wa tume walilihisi tangu mwanzo: vinu tofauti vinachakaa kwa njia zilezile. Chuma cha pua ndani ya maji ya moto yenye asidi ya boroni huwa na tabia moja, kiwe Maryland au Arizona. Mwaka 2001 tume ikachapisha ripoti ya mafunzo ya jumla kuhusu uchakavu, inayoitwa na wenye kazi hiyo GALL. Ni orodha ndefu ya vipande, mazingira yake, aina za uchakavu, na mipango ya ukaguzi ambayo tume imekwisha kuikubali. Mwombaji anayetumia mpango uliomo humo hahitaji kuutetea upya. Huandika tu kwamba mpango wake unalingana na ule wa kitabuni, na mtaalamu wa tume huthibitisha kama ni kweli. Muda wa mapitio hubaki kwa yale yanayotofautiana na orodha. Ripoti hiyo ilirekebishwa 2005 na 2010, na mwaka 2017 likatolewa toleo la kipindi cha kutoka miaka 60 hadi 80. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, lilianzisha mradi wa namna hiyohiyo kwa nchi wanachama wake mwaka 2010.

Orodha kama hiyo ina hatari ya kumfanya msomaji wake aone kilichoandikwa tu. Mwezi Machi 2002, katika kinu cha Davis-Besse cha Ohio, pembezoni mwa Ziwa Erie, mafundi waligundua kwamba asidi iliyokuwa ikivuja ilikuwa imeula mfuniko wa tangi la kinu. Chuma chenye unene wa zaidi ya sentimita 15 kilikuwa kimekwisha, na maji ya moto yenye shinikizo kubwa yalikuwa yamezuiwa na utando wa chuma cha pua wa karibu sentimita moja. Asidi ya boroni na uwezo wake wa kula chuma vilijulikana kwa miaka mingi, na mpango wa ukaguzi ulikuwapo kwenye karatasi. Kilichokosekana ni mtu aliyeondoa masalia ya asidi yaliyogandamana akaangalia chini yake. Kwa anayetafuta ufanisi, funzo la Davis-Besse ni chungu: kuthibitisha kwamba mpango unalingana na ule wa kitabuni kunachukua saa chache, ila kuthibitisha kwamba mpango huo unatekelezwa kunadai mtu aende kituoni.

Seabrook, New Hampshire, ni mfano wa upande wa pili. Ombi liliwasilishwa mwaka 2010, na mwaka huohuo uchunguzi ukaonyesha zege la baadhi ya kuta likipasuka kwa mmenyuko wa kemikali kati ya kokoto na alkali za saruji, mbele ya unyevu. Mmenyuko huo ulijulikana katika mabwawa na madaraja, lakini katika kinu cha nyuklia cha Marekani ulikuwa mgeni, na hakukuwa na mpango wowote ulioidhinishwa wa kuutumia. Ikabidi mihimili mikubwa ya zege itengenezwe, iharakishwe kupasuka, kisha ivunjwe katika maabara ya chuo kikuu huko Texas ili kupima nguvu iliyobaki. Leseni ilitoka Machi 2019. Karibu miaka tisa kwa ombi moja inasikika kama uzembe, na wanaopigania kasi huitaja hivyo. Ila sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda kwenye kutafuta jibu ambalo hakuna aliyekuwa nalo, na takwimu za wastani wa miezi ya mapitio zinazochanganya Seabrook na vinu visivyo na tatizo hazimwambii mtu chochote cha maana.

Upande wa mazingira una mantiki ileile ya kuamua mara moja kwa wote. Calvert Cliffs ina nafasi ya pekee hapa, maana jina lake limo katika hukumu ya mwaka 1971 iliyoilazimisha mamlaka ya nyuklia ya wakati ule kuichukulia kwa uzito sheria mpya ya mazingira, badala ya kuambatanisha karatasi tu kwenye jalada. Miaka 25 baadaye, mwaka 1996, NRC ilichapisha tathmini ya jumla ya athari za kuhuisha leseni. Ilichambua masuala 92, ikaamua kwamba 69 yana jibu moja kwa vinu vyote au kwa kundi la vinu vinavyofanana, na yaliyobaki yakaachwa yaangaliwe kinu kwa kinu, kama vile samaki wanaonaswa kwenye mitambo ya kuvuta maji ya kupoza. Anayetaka kupinga jibu la jumla lazima alete taarifa mpya na nzito, au aombe kanuni yenyewe ibadilishwe.

Njia hiyo ilifanya kazi vizuri kwa awamu ya kwanza. Katika awamu ya pili ikavunjikia mikononi. Desemba 2019 vinu viwili vya Turkey Point, Florida, vilikuwa vya kwanza kuruhusiwa kufika miaka 80, na Peach Bottom ya Pennsylvania ikafuata Machi 2020. Tathmini ya mazingira ya maombi hayo iliegemea ripoti ya jumla iliyohuishwa mwaka 2013. Wapinzani walisema kanuni inayoruhusu kuiegemea ilitaja uhuishaji wa kwanza tu. Watumishi wa tume na makamishna waliikataa hoja hiyo mwaka 2020. Februari 2022, makamishna waliokuwapo wakabadili msimamo kwa kura 2 dhidi ya 1: ripoti ya jumla haikuwa imechambua kipindi cha kati ya miaka 60 na 80. Tarehe za mwisho za Turkey Point zikarudishwa 2032 na 2033, na maombi mengine yaliyokuwa njiani yakasimama kusubiri. Ripoti mpya na kanuni yake vilikamilika Agosti 2024, ndipo North Anna ya Virginia ikapata leseni mwezi huohuo, na Turkey Point ikarudishiwa miaka yake mwezi uliofuata.

Hesabu ya tukio hilo haihitaji kalamu. Kuirekebisha kanuni mapema, kabla ya ombi la kwanza la awamu ya pili, kungehitaji kazi ileile iliyofanyika baada ya 2022, na ingefanyika bila mtu kusubiri. Ufupisho uliochukuliwa uliokoa miezi kadhaa kwa waombaji wa kwanza, ukawagharimu wengi miaka miwili na nusu. Jambo la namna hiyo lilikuwa limetokea pia mwaka 2012, mahakama ya rufaa mjini Washington ilipoifuta kanuni ya tume kuhusu uhifadhi wa mafuta ya nyuklia yaliyotumika, kwa kuwa haikuwa imezingatia hali ambayo ghala la kudumu halijengwi kamwe. Kwa miaka miwili, hadi Septemba 2014, hakuna leseni iliyohuishwa. Ukichunguza ucheleweshaji mkubwa uliowakumba waombaji wengi kwa pamoja, chanzo chake ni uamuzi wa jumla uliosimama juu ya msingi mwembamba. Mtaalamu anayesoma jedwali la kutu taratibu mno hayumo kwenye orodha hiyo.

Pingamizi ndizo zinazolaumiwa zaidi hadharani, na kisa kinachotajwa ni cha Indian Point, kaskazini mwa jiji la New York kwenye kingo za Mto Hudson. Ombi lilipelekwa mwaka 2007. Jimbo la New York na vikundi vya mazingira vilileta hoja nyingi mbele ya baraza la mahakimu wa tume, na moja kati yake inafaa kutazamwa kwa karibu: je, transfoma ni kifaa kisichosogea? Haina kipande kinachozunguka, kwa hiyo jimbo lilisema iingizwe kwenye mapitio kama bomba. Watumishi wa tume na mwenye kinu walisema hali ya umeme ndani yake hubadilika na huweza kupimwa wakati wote, hivyo ubovu wake hujitokeza wenyewe kama wa mota. Hoja ilikubaliwa isikilizwe 2008, ushahidi ukatolewa 2012, baraza likaipa New York ushindi 2013, na makamishna wakaupindua uamuzi huo Machi 2015. Miaka saba kwa swali ambalo sentensi moja ya kanuni, ikiandikwa vizuri mwaka 1995, ingelimaliza. Leseni ilitolewa Septemba 2018, wakati mwenye kinu alikuwa amekwisha kukubaliana na jimbo kufunga. Kinu kimoja kilizimwa Aprili 2020, cha pili Aprili 2021.

Katika miaka hiyo yote Indian Point iliendelea kuuza umeme. Kanuni iliyotumika ilisema mwenye leseni aliyepeleka ombi kamili angalau miaka mitano kabla ya leseni kwisha huendelea kufanya kazi mpaka uamuzi utolewe. Kinga hiyo ina faida ya wazi, kwani hakuna anayetaka jiji lizimiwe taa kwa sababu ya jalada lililochelewa. Ina madhara yake pia. Huondoa presha kwa pande zote, na humwacha mwombaji anayechelewa akiwa hana hasara ya haraka. Diablo Canyon ya California ilionyesha jinsi ilivyo muhimu: kampuni ilikuwa imeondoa ombi lake 2018 ikikusudia kufunga, bunge la jimbo likabadili mawazo 2022, na NRC ikalazimika kutoa ruhusa maalumu Machi 2023 ili ombi jipya, lililoletwa Novemba mwaka huo, lipate kinga ileile ingawa miaka mitano haikuwa imebaki.

Ifahamike pia kwamba leseni si dhamana ya kinu kuendelea kuishi. Kewaunee ya Wisconsin ilihuishiwa Februari 2011 ikafungwa Mei 2013, na Vermont Yankee ilipata leseni mwaka huohuo wa 2011 ikafungwa mwisho wa 2014. Gesi ya bei rahisi ilifanya kile ambacho wapinzani hawakuweza.

Tangu 2023 mageuzi yamekuja kwa kasi. Mwaka huo Bunge la Marekani liliweka ukomo wa kurasa 150 na miaka miwili kwa tathmini kamili ya mazingira ya kawaida. Julai 2024 ilisainiwa sheria iitwayo ADVANCE, iliyoiagiza tume iingize ufanisi hata katika tamko la madhumuni yake. Mei 2025 Rais Donald Trump alitoa amri inayotaka uamuzi wa mwisho kwa ombi la kuendelea kuendesha kinu kilichopo utolewe ndani ya mwaka mmoja. Ukomo wa mwaka mmoja unawezekana kwa ombi zuri la kinu cha kawaida. Tatizo lake ni kwamba unapima kitu ambacho mdhibiti hakimiliki peke yake. Sehemu ya muda hutumika upande wa mwombaji, na kinu chenye zege la Seabrook hakitapona kwa amri. Mdhibiti aliyebanwa hivyo ana njia mbili za halali: kulikataa ombi lisilo kamili siku ya kwanza, au kuliidhinisha kwa masharti yatakayotimizwa baadaye. Ya kwanza ni nzuri na hutumiwa kwa nadra. Ya pili tayari hutumika sana, na kila sharti linaloachwa nyuma huongeza kazi ya wakaguzi wa kituoni miaka kumi mbele, mahali ambapo hakuna anayehesabu saa.

Yapo mabadiliko madogo yenye faida ya uhakika kuliko ukomo wa siku. Ukaguzi wa nyaraka kwa njia ya mtandao, ulioenea tangu janga la korona la 2020, umepunguza safari na kuwawezesha wataalamu kuuliza na kujibiwa siku hiyohiyo badala ya kuandikiana barua. Kinu kinachohuishwa mara ya pili kina historia ya miaka 20 ya mipango ya uchakavu iliyokwisha kukubaliwa, na mapitio yanaweza kuanzia kwenye kilichobadilika tangu hapo. Kampuni yenye vinu vingi vya muundo mmoja inaweza kuleta maombi yanayofanana, yakasomwa na timu moja. Kanuni inayodai tathmini kamili ya mazingira kwa kila ombi inaweza kulegezwa pale ambapo uchambuzi mfupi haujaonyesha athari kubwa. Na juu ya yote hayo ni watu. Mtaalamu wa uchovu wa chuma au wa zege aliyepitia maombi kumi hugundua kwa saa moja kile ambacho mgeni hukitafuta kwa wiki nzima. Kuondoka kwa watu wa aina hiyo huongeza muda wa mapitio zaidi ya kanuni yoyote.

Ufaransa ilifuata njia nyingine, na inasaidia kuonyesha uchaguzi uliofanywa Marekani. Huko kinu hakina tarehe ya mwisho. Kila baada ya miaka 10 hufanyiwa uhakiki mzima wa usalama, na hapo hulinganishwa na viwango vya kinu kipya, siyo masharti yake ya zamani peke yake. Vinu 32 vya megawati 900 vilipokaribia miaka 40, mdhibiti aligawa kazi sehemu mbili: masuala ya wote yaliamuliwa kwa pamoja, kwa uamuzi wa Februari 2021, kisha kila kinu kikaangaliwa peke yake kikianza na cha kwanza cha Tricastin kilichosimamishwa kwa ukaguzi 2019. Mgawanyo huo unawezekana kwa kuwa mwenye vinu ni mmoja, EDF, na miundo ni michache. Wamarekani wana wamiliki wengi na miundo ya kila aina, hivyo kwao sehemu ya jumla lazima iwe katika vitabu kama GALL.

Barani Afrika, mtambo pekee wa kibiashara ulio na historia ya kuhuishwa ni Koeberg, karibu na Cape Town. Eskom, mwenye mtambo huo, iliwasilisha hoja yake ya usalama mwaka 2022, na Julai 2024, siku chache kabla leseni haijaisha, Mdhibiti wa Taifa wa Nyuklia aliruhusu kinu cha kwanza kiendelee hadi 2044. Kinu cha pili kilitenganishwa na kuamuliwa baadaye, kwa kuwa mitambo yake ya kuzalisha mvuke ilikuwa bado inabadilishwa. Upepo wa bahari ulikuwa umeingiza chumvi katika zege la majengo yanayofunika vinu, na suala hilo liliulizwa katika vikao vya wananchi. Mapema zaidi, 2022, waziri alimwondoa mjumbe wa bodi ya mdhibiti aliyewakilisha jamii, na mahakama ikaufuta uamuzi huo mwaka uliofuata. Kenya, iliyotunga Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia mwaka 2019 na inayopanga kinu chake cha kwanza, itaandika kanuni za leseni kwenye ukurasa mtupu, na inaweza kuamua tangu mwanzo kipi kitakachopitiwa kila miaka 10 na kipi kitakachongoja miaka 40.

Marekani nayo imeanza kuuliza kuhusu miaka 100. NRC iliitisha mkutano wa wazi Januari 2021 kujadili ni utafiti gani utahitajika. Kizuizi kimoja kimo ndani ya vinu vyenyewe. Kinu kilipojengwa, vipande vya chuma kilekile cha tangi viliwekwa kwenye vibweta vidogo karibu na kiini, ili vipigwe na nyutroni kwa wingi zaidi kuliko ukuta na kuutangulia kuzeeka. Kibweta kimoja hutolewa kila baada ya miaka mingi, vipande vikavunjwa kwenye mashine, na matokeo yakaonyesha tangi litakavyokuwa baadaye. Vibweta vilihesabiwa kwa maisha ya miaka 40. Vilivyobaki ni vichache, na waendeshaji wengi wameomba kuchelewesha kuvitoa ili vikusanye nyutroni za miaka 80. Kila ombi kama hilo likikubaliwa, mdhibiti hukaa miaka zaidi bila kipimo kipya cha chuma halisi cha kinu hicho, akitegemea makadirio ya hesabu, na kipimo hicho hakiwezi kupatikana mapema kwa sababu nyutroni huchukua muda wake.